Mwizi wa Maharage ya Mama

Kidapawan, 12 Februari 1961

Wifi Rufina,

Ni mimi Puring, mdogo wa mumeo, kama bado mnanikumbuka katika nyumba hiyo. Huku Mindanao tunaamka vizuri. Mume wangu Melecio kikohozi kimemtoka, ila humrudia kila nikimtuma kuni. Watoto wanakua mpaka nguo zimewakataa, na mkubwa sasa ananitazama kwa juu, tabia aliyoichukua kwa kaka yangu Selmo ingawa hajawahi kumwona.

Ile simu ya maandishi ya msiba wa Mama ilinifikia Mama ameshazikwa. Hata ingewahi, sijui. Tuyaache hayo.

Wifi, nina ombi dogo. Ardhi ya huku ni ya ajabu, ukichomeka mwiko unatoa majani. Nimelima bustani nyuma ya jikoni, nina biringanya, nina matango machungu, na nimesimamisha mianzi kwa ajili ya maharage marefu. Lakini maharage yenyewe ni ya sokoni, ya kijani, yamenyooka kama yametumwa na serikali, na ukiyala ni sawa na kutafuna kamba ya mbuzi. Nataka yale mekundu ya Mama. Yale ya mbegu nusu nyeupe nusu damu ya mzee. Novemba mtakapokuwa mnavua msiba huko, mimi nataka nimwekee Mama sahani yake huku kwangu, kando ya picha yake, kama tunavyowawekea marehemu wetu. Sahani ya maharage ya sokoni hatakuja kuila, unamjua.

Nitilie mbegu kidogo kwenye bahasha, hata za kujaza kiganja.

Na kitu kingine. Mama alisema lolote juu yangu kabla hajaondoka? Kama huna nafasi ya kuandika hilo, basi liache.

Wifi yako,
Puring


Sarrat, 20 Machi 1961

Puring wa watu,

Barua yako imefika ikiwa imelowa, nadhani mwenye kuileta alikuja kwa kuogelea. Hatujambo kiasi cha kugombana. Kaka yako anakoroma mpaka kuku wanahama. Goti langu la kulia linatabiri mvua kuliko redio. Binti yetu ameanza kujipaka poda, nami namtazama tu, kwa sababu nakumbuka nani mwingine katika nyumba hii alianza hivyo hivyo na akaishia wapi.

Kuhusu mbegu: hapana.

Usikunje uso, mwanamke. Umezaliwa nyumba hii, unaijua kanuni ya Mama kuliko mimi niliyeolewa. Hakuwahi kumpa mtu mbegu ya haya maharage. Alisema ukimpa mtu yatamtolea majani matupu, na akiomba ndiyo kabisa hayaoti. Anayeyataka sharti aje ayaibe, na mwenye nyumba sharti ajifanye haoni. Mimi mwenyewe niliiba mwezi mmoja baada ya harusi. Nilipanda juu ya kibao, nikachomoa maganda mawili kwenye moshi juu ya meko, na mama mkwe wangu alikuwa amekaa hapo hapo mbele yangu anautazama ukuta kama ameona picha ya sinema. Alikohoa tu nilipotaka la tatu.

Sasa wewe unaniandikia ombi, kwa heshima, na bahasha juu. Umeyaua kabla hayajatoka nyumbani. Maganda yako pale pale, juu ya meko, meusi kwa moshi. Jikoni kwangu hakuna kufuli. Njoo uibe kama walivyoiba wenzako.

Lile swali lako la mwisho. Ndiyo, alisema neno. Siliandiki. Nitakuambia ukiwa umekaa jikoni kwangu unavunja maharage, siyo kabla. Tunavua msiba tarehe kumi na nane Novemba.

Rufina


Kidapawan, 2 Mei 1961

Wifi mwenye roho ya korosho,

Wazima, asante kwa kutouliza. Nyati wetu alikatika kwato, amepona, sasa anatembea kwa maringo kama mke wa meya. Mvua zimeanza.

Unajua vizuri Sarrat siyo jirani. Ni basi, kisha meli ya siku kadhaa ambayo mimi huitapika yote, kisha basi tena. Nani atawapikia hawa? Nani atamlinda nyati? Melecio akipika wali, nusu unaungua na nusu unabaki mbichi, sijui anafanyaje.

Na hata nikifika, uso nitauweka wapi? Wewe ulikuwepo. Ijumaa Kuu, mji mzima uko kwenye maandamano, sanamu ya Bwana inapita imelala, na mimi nakupa mshumaa wangu nakwambia nishikie, nakuja. Nikapanda gari la Melecio la kubebea vitunguu saumu. Miaka kumi na minne, wifi, bado umeshika mshumaa wangu. Niliandika kwa Mama kila Krismasi. Hakujibu hata mara moja. Watu waliniambia alipiga marufuku jina langu mezani. Halafu wewe unaniambia alisema neno, na neno lenyewe umelikalia kama kuku aliyeatamia. Nikikaa usiku nalifikiria neno hilo, nalipa sura mbaya kila siku zaidi ya jana.

Basi. Sikuombi tena mbegu wala neno.

Kwa bahati tu, mzee Gorio, mjomba wake Melecio, anakuja huko Juni kununua vitunguu saumu. Nimemwambia alale kwenu. Mkirimuni. Ni mtu mzima, hana makuu, na hapendi kusumbua jikoni.

Puring


Sarrat, 28 Juni 1961

Puring,

Hatujambo. Binti poda imemwisha, sasa anapaka yangu. Selmo amejikata kidole akichonga mwanzi, na namna alivyolia ungedhani ni shingo.

Mgeni wako alifika salama. Ulisema hapendi kusumbua jikoni. Sijawahi kuona mwanamume anayependa jikoni namna ile. Ukimwonyesha choo kilipo, anatokea jikoni. Ukimpa kiti ukumbini, unamkuta amesimama chini ya meko, kichwa amekiinua kama anaomba rozari. Nikamuuliza, mzee, unatafuta nini huko juu? Akasema anasifia ujenzi wa paa.

Nilimpikia dinengdeng, mchuzi wetu wa mboga. Bagoong ya dagaa waliochachuka kwa chumvi nimeichemsha na kuichuja vizuri isibaki miiba, maharage ya Mama nimeyavunja kwa mkono, samaki wa kuchoma juu yake. Alikula sahani tatu na kofia kichwani. Siku ya pili pia kofia kichwani. Hata mbele ya Bikira Maria pale ukutani, kofia. Selmo akataka kumwambia, nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Jioni hiyo alikwenda kuoga kisimani. Kofia ilibaki msumarini, nzito nzito.

Aliondoka kesho yake akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda karata. Mpe salamu zangu, na umwambie asante kwa kunisifia mchuzi.

Rufina


Kidapawan, 10 Agosti 1961

Rufina,

Leo sina salamu. Ulizichemsha.

Gorio alishuka hapa amekumbatia kofia kama amebeba mtoto mchanga. Nilizitoa mbegu kwenye maganda moja moja, nusu nyeupe nusu damu ya mzee, nikalia mbele ya watu. Nikazipanda chini ya mianzi. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo kwenda kuzitazama. Niliwakataza watoto wasinyooshe kidole upande ule, maana Mama alisema kitu kichanga kikinyooshewa kidole kinaoza. Siku zikapita. Nikamlaumu kuku, nikailaumu mvua, nikamlaumu Melecio kwa kukohoa karibu. Mwisho nikafukua. Zilikuwa zimevimba, zimeiva, zinaoza.

Nilikuwa nimebakiza moja kwenye kikombe. Nikaitafuna. Wifi, mbegu ile ilikuwa na ladha ya bagoong.

Uliichukua kofia ya mzee wa watu akiwa anaoga, ukatumbukiza maganda ya Mama kwenye chungu cha mchuzi, ukayakausha ukayarudisha. Melecio alipoelewa alicheka mpaka akaketi chini kwenye ngazi na kushindwa kuinuka. Sijasema naye tangu Jumapili. Gorio amekula kiapo kwamba hataoga tena ugenini.

Sawa, umenipiga chenga, cheka. Lakini mimi sichezi, wifi. Sikumwona Mama akiugua. Sikumvisha nguo. Sikubeba hata ua. Nina picha yake moja, na hiyo ameangalia pembeni. Nilitaka kitu kimoja cha Mama kiote kwenye udongo wangu, niwalishe wanangu waseme hiki ni cha bibi. Kama alinilaani, andika. Andika tu neno hilo nijue, nilie, niendelee na kazi zangu. Kunifanyia hivi siyo utani.

Puring


Sarrat, 15 Septemba 1961

Puring,

Tumepigwa na kimbunga. Nyumba imesimama, paa la jikoni limekwenda kwa jirani, tumelifuata. Wote wazima. Bustani ililala chini yote. Nilitoka kwenye mvua nikashikilia mianzi ya maharage ya Mama kwa mikono miwili, na upepo ulinivuta mpaka kaka yako akaja akanishika kiunoni, tukasimama hivyo, wazee wawili wajinga. Shina moja limepona. Na maganda ya juu ya meko yalilowa, nimeokoa machache sana. Nayaanika kitandani kwangu, Selmo analala pembeni kama mgeni.

Ndiyo, nilizichemsha. Ulipoitafuna ulifaidi, wengine hawakupata hata hiyo.

Sasa nisikilize, maana goti linaniuma na sitayasema mara mbili. Gorio angekuletea mbegu nzima, zingeota, ungekula, na usingerudi tena Sarrat mpaka nife mimi. Na neno la Mama ni fupi. Nikiliandika utalisoma mara moja, utaliweka kwenye sanduku la nguo, na biashara imekwisha. Hiyo ndiyo sababu, umeipata. Wewe unamlilia Mama. Mimi siku ile nilibaki barabarani na mishumaa miwili, mmoja wangu, na Mama alinigeuzia mgongo mwaka mzima akidhani nilikusaidia. Nimeishi katika nyumba hii na watu wasiosema. Kaka yako ukimuuliza kama chumvi imekolea anajibu kwa nyusi. Nilikuwa na mtu mmoja wa kucheka naye, akapanda gari la vitunguu.

Nimekukumbuka sana, Puring. Haya, nimesema. Usiwaonyeshe watu barua hii.

Tarehe kumi na nane Novemba.

Rufina


Sarrat, 14 Oktoba 1961

Puring,

Hujajibu. Pengine barua zimekwama kwa mafuriko, pengine ni wewe umekwama. Binti ametupa ile poda, yuko salama kwa sasa. Lile shina moja limetoa maua.

R.


Sarrat, 3 Desemba 1961

Wifi mpendwa,

Natumaini umefika na meli haikukutoa maini. Sisi tumebaki na mabakuli ya watu, kila mtu anadai la kwake ni lile kubwa. Kaka yako tangu uondoke amezungumza. Jana alisema sentensi nzima, kuhusu hali ya hewa.

Nakuandikia kukuarifu habari ya wizi uliotokea nyumbani kwangu.

Ilikuwa siku ya pili baada ya kuvua msiba, saa za mchana watu wanaposinzia. Sahani ya Mama ilikuwa bado mezani kando ya picha, ile uliyoipika mwenyewe ukanifukuza nisishike mwiko, ukatikisa chungu badala ya kukoroga kama alivyokufundisha, ukalia ndani ya mvuke ukasema ni moshi. Mimi nilikuwa nimejinyoosha kwenye benchi la jikoni, macho nimefumba.

Mwizi akaingia. Ana miguu ya nyati, huyo mwizi. Alipiga teke ndoo, akasema samahani kwa ndoo. Akapanda kwenye kibao, kibao kikalia. Akasimama hapo juu muda mrefu mpaka shingo yangu ikaanza kuuma. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Wifi, umelala?"

Nikasema, "Nimelala."

Akachomoa maganda yake. Mawili. Nilimngoja achukue la tatu nikohoe, hakulichukua, na nilikohoa hata hivyo. Halafu mwizi, bila aibu, akasema asante. Nani anashukuru akiiba? Umetaka kuharibu kazi yote. Nilikoroma kwa nguvu ili nisiisikie.

Nakuomba, ukimwona mwizi huyo huko kwenu, mwambie nimebaki na maganda ya kunitosha, asiwe na wasiwasi. Na mwambie kibao amekivunja.

Rufina, aliyeibiwa


Kidapawan, 11 Februari 1962

Wifi yangu,

Huku sote wazima mpaka nyati. Nilifika nimekonda kwa meli, na Melecio alikuwa amewalisha watoto wali wake mwezi mzima, walinipokea kama mkombozi. Meno ya mdogo yametoka mawili. Gorio ameoga, lakini nyumbani kwake.

Mbegu zimeshika, zimeota zote. Hakuna iliyolala. Sasa zimepita juu ya mianzi na zimeanza kupanda paa la jikoni, na maganda yananing'inia mekundu mpaka majirani wanapita polepole wakijifanya wanatafuta kuku. Juzi nilichuma ya kwanza. Nilichemsha bagoong, nikachuja, nikayavunja kwa mkono, na wa kwanza kula ni mwanangu mkubwa. Alitafuna, akauliza kwa nini nilikuwa nawalisha kamba miaka yote hii. Mke wa fundi seremala hapa jirani aliniomba mbegu kwa adabu kabisa. Nilimwambia hapana. Kesho mchana nitalala kwenye benchi mapema.

Neno la Mama nilimficha Melecio miezi miwili. Nilikuwa nalitunza kama peremende, nalilamba kidogo kidogo. Nilimwambia juzi tulipokuwa tunakula. Nilimweleza kwamba tulikuwa jikoni kwako, mimi na wewe, tumeinamia ungo mmoja, na wewe bila kuinua kichwa ukasema, "Mama alikuulizia kabla ya kufa. Nikamwambia uko mbali. Akasema, Puring hatukumtoa sisi, aliibwa. Mwacheni huko, atashika."

Melecio aliweka sahani chini. Unajua, mwanamume huyu miaka kumi na minne ameishi akiamini kuna mama mmoja Sarrat anamwita mwizi, na ni kweli alimwita. Alitoka nje akasimama kwenye maharage mpaka wali ukapoa. Aliporudi alisema wadudu wamemwingia machoni. Wote wawili, macho yote mawili.

Sasa kuna jambo moja, wifi, nalisema hapa mwisho kwa sababu hutanifikia kunipiga. Selmo aliponisindikiza kwenye basi, nilimuuliza kama na yeye alimsikia Mama akisema hivyo. Kaka yangu alifikiri sana, nyusi zikapanda zikashuka. Akaniambia wiki zile za mwisho Mama hakuwa na sauti, alikuwa anaomba maji kwa mkono. Kisha basi likaondoka.

Nimelifikiria hili njia nzima, nikitapika na nisipotapika. Usinijibu. Kama neno ni la Mama, ni lake. Kama ulilitunga wewe pale kwenye ungo, au ulilipika Machi ukalitunza hadi Novemba, basi jua kwamba nimeshaondoka nalo, limeshika, na silirudishi.

Puring